Leonard Ambrose Tipping, Mgeni wa Chumba cha Askofu

Simu ililia Jumanne, tarehe 15 Oktoba 2019, saa mbili na nusu asubuhi, nikiwa nimesimama jikoni kwangu Kidderminster nikisubiri birika lichemke. Alikuwa Howard, mtoto wa kaka yangu.

"Shangazi Muriel," alisema, "Baba ametutoka."

Niliketi. Nilitaka kusema neno la imani, kama inavyompasa mtu aliyelelewa kanisani, lakini kilichotoka kinywani ni swali.

"Alimwambia mtu yeyote hapo hospitali kwamba anasikia maumivu?"

"Hapana, Shangazi. Nesi alimwuliza. Akasema yuko safi kabisa, asante."

Nikasema, "Ee Mungu, huyu mtu." Ndipo nikalia.

Wapendwa, familia imeniomba niwasomee wasifu wa marehemu kaka yangu. Nitausoma kwa heshima anayostahili. Lakini wengi wenu mlimfahamu, nanyi mnajua kwamba kumpenda Leonard Tipping ilikuwa kazi ya kummaliza mtu subira kabla hata ya chai ya saa nne. Hakuwa mgomvi, wala mlevi, wala mchoyo. Alikuwa mpole. Upole wake ndio uliotuchosha.

Marehemu alizaliwa nyumbani, hapa Kidderminster, tarehe 3 Machi 1941, akiwa mtoto wa kwanza wa Ambrose Tipping, fundi mitambo katika kiwanda cha mazulia, na mkewe Edith. Alibatizwa katika kanisa letu la Kimethodisti mwezi uliofuata, na Mama alikuwa akisimulia kwamba maji ya ubatizo yalikuwa ya barafu, watoto wote watatu wa siku ile walipiga kelele, isipokuwa yeye. Alimkodolea macho mchungaji tu, kama anayemwonea huruma. Mimi nilimfuata miaka mitatu baadaye, na nikapiga kelele.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya wavulana, akamaliza mwaka 1957. Alikuwa mzuri katika hesabu na mwandiko. Akiwa na umri wa miaka tisa Mama alimnunulia viatu vya shule, baada ya kuvisaka wiki nzima kwa sababu vita vilikuwa vimeisha lakini uhaba haukuisha. "Vinakutosha, Len?" "Vinatosha, Mama." Akavivaa msimu wote wa baridi. Mama aligundua siku alipomkuta anakwenda bafuni kwa visigino, vidole vimevimba kama soseji. Akamkalisha chini na beseni la maji ya chumvi, akamfokea, "Kwa nini hukusema?" Akajibu, "Ulikuwa umefurahi sana kuvipata." Vidole vile havikunyooka tena. Walioshughulika na mwili wake wiki iliyopita wameviona.

Aliajiriwa na idara ya maji akiwa kijana wa miaka kumi na sita, akaanza na kubeba mafaili. Mwaka 1969 alihamishiwa kwenye dirisha la malalamiko, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2001. Bomba likipasuka, ni yeye. Maji yakiwa ya rangi ya chai, ni yeye. Watu walimwekea chupa za matope mezani, walimtukania mama yake, na yeye aliwasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi, kisha akawauliza kama wangependa kuketi. Kuna bibi mmoja wa Mtaa wa Mill alikuja kulalamika kila Alhamisi kwa miaka mingi, hata bomba lake lilipokuwa limeshatengenezwa, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Marehemu alijua. Alimwekea biskuti.

Kazi hiyo ilimharibu kwa namna moja. Aliapa kwamba yeye mwenyewe hatalalamika mahali popote, maisha yake yote. "Wiki nzima nakula manung'uniko ya watu, Muriel," aliniambia. "Jumamosi sitaki niwe mimi ninayewalisha wengine." Kinyozi alimkata sikio, akamwachia bakshishi. Jirani alijenga ukuta ndani ya bustani yake, naye akampelekea maji ya kukorogea saruji.

Tarehe 14 Oktoba 1967 alimwoa Doreen Hallett, aliyekutana naye kwenye kwaya. Wifi yangu alifanya kazi kiwandani kwenye chumba cha rangi, akilinganisha nyuzi za sufu kabla hazijafumwa kuwa mazulia. Kazi yake ilikuwa macho. Ukimwonyesha ua, atakwambia lina kijani gani, na kijani hicho kimechanganywa na nini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Howard na Judith, na nyumba ambamo hazikuwahi kusikika kelele isipokuwa za Doreen akiuliza, "Len, umemwambia?" na za kaka yangu akijibu, "Nitamwambia."

Sasa nafika Corvelow Hall, na naomba mnivumilie, maana ndipo ilipo hadithi yake.

Mwaka 1992, ndoa yao ilipotimiza miaka ishirini na mitano, wenzake wa kazini walichanga wakawalipia usiku mbili katika hoteli ile, kule kwenye vilima vya Shropshire. Mnaijua aina hiyo ya hoteli. Nyumba ya ukoo wa mabwana, ina karne nne, mizigo ya madeni na paa linalovuja, na mjukuu wa mwisho ameamua kuuza vitanda na chakula ili asiuze nyumba. Ndege waliokaushwa ndani ya vioo. Saa za ukutani tano ukumbini, kila moja na wakati wake. Mbwa kwenye makochi, na wageni wamesimama. Mwenye nyumba, Bi. Lavinia Strickley, ambaye tunaye hapa leo safu ya tatu, alivaa sweta la marehemu baba yake lenye matundu viwikoni, na aliwakaribisha watu kana kwamba ni wageni wake mwenyewe waliokuja kumtembelea, ndiyo maana ikawa vigumu sana kwa mtu kudai taulo.

Wakapewa Chumba cha Askofu, kwa kuwa askofu fulani alilala humo zamani. Kiko upande wa kaskazini, juu ya mazizi. Choo kiko mwisho wa ujia. Dirisha halifungi, na bomba linapiga ukutani kama mtu aliyefungiwa nje. Wifi yangu alilala na koti. Asubuhi, akirudi kutoka chooni, alikuta mlango wa chumba cha upande wa mashariki uko wazi, mfanyakazi anatandika. Kinaitwa Chumba cha Ziwa. Dirisha lake linaanzia sakafuni, na ukilala kitandani unaliona ziwa lote. Jua lilikuwa linachomoza. Doreen alisimama mlangoni na gauni lake la kulalia akasahau baridi.

Alirudi kwa mumewe akamwambia, "Len, kuna rangi kule majini ambayo sijawahi kuishika mkononi. Kabla sijafa nataka niamke ndani ya chumba kile."

Kaka yangu akasema, "Nitamwambia Bi. Lavinia."

Wapendwa, hiyo ilikuwa mwaka 1992.

Usiku wa kwanza tu alikuwa ameshajifunga mwenyewe. Kwa desturi ya nyumba ile, jioni wageni hukaa sebuleni karibu na moto, wanaume wamevaa tai, na mwenye nyumba hupita kuuliza kila mtu atakula nini. Kisha upatu wa shaba uliotundikwa ukumbini hupigwa, nanyi mnaingia mezani. Marehemu aliagiza mguu wa kondoo. Akaletewa figo za kondoo zilizopikwa kwa haradali, za meza nyingine. Mtu yeyote mwingine angesema. Yeye alizila, ingawa tangu utoto figo zilimtapisha. Na Bi. Lavinia alipopita kati ya meza, kama afanyavyo kila usiku, akauliza, "Kila kitu kiko sawa?" kaka yangu akasema, "Safi kabisa, asante. Figo ni tamu mno." Asubuhi akaulizwa kama alilala vizuri. "Fofofo, asante. Chumba kizuri sana."

Basi. Mwaka uliofuata walipofika mlangoni, Bi. Lavinia aliwapokea mikono imenyooshwa. "Bwana Tipping! Nimewawekea Chumba cha Askofu. Na jikoni figo zako ziko tayari." Na mwaka uliofuata. Na uliofuata. Figo zilipoondolewa kwenye orodha ya chakula kwa kuwa hakuna mgeni mwingine aliyezitaka, ziliendelea kupikwa kwa ajili yake peke yake. Kila Krismasi ilikuja kadi: *Figo zako zinakungoja.* Kuna jaji alikitaka Chumba cha Askofu mwezi Oktoba akakataliwa. "Nilimwambia kina wenyewe," Bi. Lavinia alisema kwa fahari, na kaka yangu akamshukuru, na wifi yangu, amesimama nyuma yake na sweta mbili mkobani, naye akashukuru.

Mwaka 2007, ndoa ilipotimiza miaka arobaini, walitualika sote. Nilikwenda nikaona kwa macho yangu. Mimi situmii kilevi, hivyo nilikaa sebuleni na glasi ya maji nikiwa na njaa halisi, mbwa mmoja amelalia miguu yangu, hadi upatu ulipolia. Tukaletewa kwale waliowindwa palepale. Nikauma kitu kigumu, nikahisi jino limeitika.

"Leonard," nikasema, "nimeuma risasi."

"Shh, Muriel. Bi. Lavinia anakuja."

"Ndiyo, namwona. Nitamwonyesha."

"Imeze."

"Nini?"

"Imeze, dada yangu, nakuomba. Ni ndogo."

Bi. Lavinia akafika, akaweka mkono kwenye kiti changu. "Kila kitu kiko sawa hapa?" Na mimi, niliyekulia na mdomo wazi tangu ubatizo wangu, nikamsikia mtu akisema kwa sauti yangu, "Safi kabisa, asante." Judith alicheka hadi akatoka nje. Namtaja Judith kwa kuwa ndiye pekee kati yetu aliyejaribu kufanya jambo.

Mwaka 2015 madaktari walimwambia wifi yangu kwamba ana ugonjwa unaokula jicho kuanzia katikati. Kwanza herufi zilipotea, kisha nyuso. Walisema pembeni patabaki kwa muda, hawakujua muda gani. Mwanamke aliyeishi kwa rangi. Hakulia mbele yetu. Alimwambia mumewe jambo moja tu: "Len, lile ziwa." Akasema, "Mwaka huu namwambia, Doreen. Nakuahidi." Walipokwenda alirudi na kisingizio: mama mmoja mgonjwa alikuwa katika chumba kile, haikufaa.

Mwaka 2016 Judith alichoka. Alipiga simu Corvelow mwenyewe, bila kumwambia baba yake, akaagiza Chumba cha Ziwa, na akakihakikisha mara mbili. Wazazi walipofika, Bi. Lavinia alikuwa mlangoni na uso umemshuka. "Bwana Tipping, nasikia hamkuridhika na Chumba cha Askofu. Laiti mngeniambia."

Wifi yangu anasema alimshika mumewe mkono, akaufinya. Alikuwa anamwambia kwa vidole: nyamaza tu. Safari hii hutakiwi hata kusema. Unatakiwa kunyamaza tu, jambo unaloliweza kuliko mtu yeyote duniani.

"Hatukuridhika?" kaka yangu akasema. "Hapana, hapana! Binti yangu amechanganya mambo. Tunakipenda kile kile chetu."

Doreen hakusema naye hadi chai ya asubuhi. Judith hakusema naye hadi Pasaka. "Baba, jamani!" alikuwa amemfokea kwanza kwenye simu, nami nikiwa kando ya kaka yangu. "Mama anapofuka, na wewe unaogopa kumuudhi mwenye hoteli? Unamlipa!" Akajibu kwa ile sauti yake ya dirishani, "Najua, mwanangu. Keti kwanza."

Nilimwuliza wifi yangu, "Kwa nini usimwombe mwenyewe?" Akanitazama kana kwamba nimemwambia apande juu ya meza. "Muriel, mtu haombi hivihivi."

Kuhusu ugonjwa wake, nitasema kidogo kwa kuwa na yeye alisema kidogo. Tangu majira ya kuchipua ya mwaka huu alikuwa na maumivu ya kifua. Daktari alimwuliza kama hupata shida akipanda ngazi, akasema hapana. Nyumba yao haina ngazi. Alimwuliza maumivu yakoje, akasema yanavumilika. Alipewa dawa za moyo zilizokuwa hafifu kuliko alizohitaji, kwa sababu daktari alimwamini.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba walikwenda Corvelow kama kawaida, Howard akiwaendesha. Howard anasema njia nzima baba yake alikuwa anajifunza maneno kwa sauti ya chini, kama mtoto anayekwenda kukariri shairi: "Bi. Lavinia, mke wangu angependa, kama si usumbufu..." Walipofika, Bi. Lavinia alikuwa amewashonea pazia jipya la Chumba cha Askofu, kwa mkono wake, la sufu nzito, kuzuia baridi ya dirisha. Kaka yangu akaligusa pazia. Akasema ni zuri sana.

Maumivu yalianza sebuleni, kabla ya chakula. Haya tumeyajua baadaye kwa daktari wa hospitali, ambaye alimbana kwa maswali. Upatu ukalia, akaingia mezani. Figo zikaja. Meza zile huwashiwa mishumaa tu, na wifi yangu hakuweza kuuona uso wake. Kama macho yake yangekuwa yale ya zamani angesema uso ule una rangi gani, na tungekuwa tumeita gari la wagonjwa kabla ya supu kupoa. Alisikia tu kwamba uma wake hauendi. "Huli, Len?" "Nakula, nakula." Bi. Lavinia akapita. "Figo zikoje, Bwana Tipping?" Akasema safi kabisa, asante. Alingoja mpaka meza zote zimalize pudini, kwa kuwa kuinuka kabla kungewafanya watu wageuke. Kisha akasimama, akatoka kwenda ukumbini bila kumsumbua mtu, na hapo akaangukia upatu.

Ulisikika mpaka mazizini. Wageni waliokuwa wameshahamia sebuleni kwa kahawa walisimama, wakidhani wameitwa kula mara ya pili. Namwomba Mungu anisamehe, lakini nikifikiria kwamba mtu ambaye hakupiga kelele miaka sabini na minane alipiga ile, nacheka na kulia kwa pamoja.

Watu wa gari la wagonjwa walipokuwa wanambeba, Bi. Lavinia aliandamana nao akiwa ameshika kiatu cha kaka yangu kilichomvuka. "Bwana Tipping, kuna lolote? Lolote unalotaka, niambie."

Kaka yangu akaondoa usoni kifuniko cha oksijeni walichomwekea.

"Mpe Doreen Chumba cha Ziwa," akasema.

"Kwani... hampendi cha Askofu?"

"Ni cha baridi mno, Bi. Lavinia. Siku zote kimekuwa cha baridi. Samahani."

Howard alikuwepo, na wahudumu wawili, na wageni kadhaa na vitambaa vyao mkononi. Ndilo lalamiko pekee alilowahi kulitoa, na alilitoa akiwa amelazwa kwenye machela.

Bi. Lavinia akauliza kwa sauti ndogo, "Na figo?"

Kaka yangu akarudisha kifuniko usoni kwanza. "Figo ni tamu," akasema ndani yake.

Ninayasema haya mbele ya Bi. Lavinia kwa kuwa alikuja nyumbani kwangu Alhamisi na tulizungumza. Aliniambia kwamba mwaka ule wa kwanza alikuwa amemzika mama yake wiki mbili nyuma, na figo zile zilikuwa pishi la mama yake, na alikuwa ameshamwita dalali aje kuitazama nyumba. Mgeni mmoja akasema ni tamu. Dalali akaambiwa asije.

"Lakini hakuzipenda kamwe," nikamwambia. Sikuweza kuvumilia tena.

"Oh, hilo nilijua," akasema. "Tangu mwaka wa pili. Alikuwa anawapa mbwa chini ya meza. Mbwa wangu wote wamemjua."

"Sasa kwa nini uliendelea kumpikia?"

"Nilidhani angehuzunika nikiacha." Kisha akaficha uso kwa mikono yake yote miwili. "Figo nilijua, Bi. Muriel. Chumba sikujua. Mungu ni shahidi wangu, sikujua. Kilikuwa kitupu miaka mingi. Mara nyingi kilikuwa kitupu."

Nilimpa chai. Kaka yangu alimhurumia mtu mmoja, na mke wake akalipa kwa miaka aliyokuwa bado na macho. Wema wake ulikuwa wa kweli, na ulikuwa na bei, na hakuilipa peke yake. Nimemweleza Mungu kwamba nitahitaji muda.

Marehemu ameacha mjane, Doreen. Watoto wawili, Howard na Judith. Mkwe, Rhiannon, mke wa Howard. Wajukuu watatu, Bethan, Callum na Imogen. Nami dada yake. Ameacha pia kwaya ya kanisa hili, sauti ya nne, ambako aliimba miaka mingi akiwa amesimama nyuma ya nguzo kwa kuwa hakuna aliyemwambia asogee. Baada ya maziko mnakaribishwa chakula Corvelow Hall, Bi. Lavinia amekataa kulipwa. Vaeni sweta. Figo hazitakuwepo, ila za mbwa.

Naomba nimalizie kwa jinsi walivyoagana, kama nilivyosimuliwa na Howard na wifi yangu.

Usiku wa Jumapili na wa Jumatatu Doreen alilala katika Chumba cha Ziwa. Jumanne, kabla ya saa mbili, Howard alimfikisha hospitali. Marehemu, aliyekuwa amelala kwa dawa Jumatatu nzima, alikuwa macho, ameinuliwa kwa mito.

"Umeliona?" akauliza.

"Nimeliona, Len. Katikati hakuna kitu, lakini nikigeuza kichwa, pembeni lilikuwepo lote. Lilianza la waridi. Halafu likawa la ile rangi."

"Ni rangi gani?"

"Bado sijui. Leo asubuhi nilikaribia."

Akajisogeza kwenye mito. "Na kitanda?"

"Kina bonde katikati. Nilikuwa nabingirika humo usiku kucha."

"Maji ya kuoga je?"

"Vuguvugu. Na bata, Len! Walianza kupiga kelele kukiwa bado giza. Kama wamelipwa."

"Ulimwambia Bi. Lavinia?"

Wifi yangu akaanza kumnyoosha shuka.

"Doreen. Ulimwambia?"

"Aliniuliza kwenye chai," akasema. "Nikamwambia nimelala fofofo."

Howard anasema baba yake alianza kucheka kifuani, bila sauti, kisha na sauti, na Doreen naye akashindwa kujizuia, wakacheka wameshikana mikono mpaka mashine ikaanza kulia, na nesi akaja mbio. "Bwana Tipping, uko sawa? Unasikia maumivu?"

"Safi kabisa," akasema, "asante."

Hakusema kingine. Nesi alimlaza vizuri. Walisali pamoja ile sala aliyotufundisha Bwana, na walipofika mwisho wake alikuwa ameshakwenda. Judith alifika dakika chache baadaye akiwa bado na funguo za gari mkononi. Wifi yangu alimpapasa uso mumewe kwa vidole, kwa kuwa hakuweza kuuona, akaanzia paji la uso akashuka hadi kidevuni. Akamfunga kifungo cha juu cha pajama. Akafunua shuka miguuni akavishika vile vidole vilivyopinda, akavifunika tena, akauliza kama miguu yake ina baridi, na Howard akamwambia hapana, Mama. Akambusu. Kisha wakatoka wote watatu, na Howard akaja kunipigia simu.

Bwana amlaze kaka yetu mahali penye joto, na akimwuliza kama kila kitu kiko sawa, ampe ujasiri wa kumjibu.